Mlo wa usiku mpakani: ni saa au ni sahani inayoleta kitambi?

Saa nne usiku katika miji ya mpakani, kuanzia Tunduma hadi Malaba, ndipo sufuria kubwa hufunuliwa. Maroli yamejipanga, karatasi za forodha ama zimekamilika ama zimegoma mpaka kesho. Mfanyabiashara aliyeondoka nyumbani alfajiri na kikombe cha chai ya rangi na andazi moja anaketi sasa kula chakula cha kweli kwa mara ya kwanza tangu kuche. Sahani huja imejaa: wali au ugali wa haja, nyama, chipsi zikiwapo, na soda baridi ya kusukumia. Nusu saa baadaye amelala, pengine ndani ya gari, mzigo ukiwa nyuma yake.

Miaka michache ya maisha ya namna hiyo, mkanda wa suruali huishiwa matundu. Shauri nalo halikosekani, kwa kuwa kila mtu ana simu mkononi. Katika makundi ya WhatsApp ya wachuuzi na madereva huzunguka ujumbe unaosema kwamba asiyekula baada ya saa kumi na mbili jioni atapungua bila kuacha chakula chochote. Mwingine unadai adui ni kifungua kinywa, na kwamba mtu akae na njaa mpaka saa sita mchana. Wa tatu, ambao hauchelewi kufuata, unauza majani ya chai ya kuyeyusha mafuta. Haiwezekani wote wawe sahihi. Wa tatu unaweza kuwekwa kando mara moja, kwa sababu anayefaidika nao kwa hakika ni muuzaji. Hao wawili wa kwanza wanastahili kusikilizwa, maana nyuma yao kuna utafiti wa kweli, ingawa haukusema kila kitu wanachodai.

Jambo lenyewe si la urembo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume 17.5. Uzito huo hutembea pamoja na kisukari na presha, na mfanyabiashara wa mpakani hana likizo ya ugonjwa. Akilala kitandani wiki mbili, nyanya zimeoza, mtaji umeliwa na mteja amepata mtu mwingine.

Mwili una saa yake

Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young. Kwa kuchunguza inzi wadogo wa matunda walionyesha jinsi seli zinavyojihesabia saa ishirini na nne zenyewe. Saa hiyo imo katika mwili wa binadamu pia: kwenye ubongo, ambako husahihishwa na mwanga wa jua, na kwenye ini, kongosho na misuli, ambako husahihishwa kwa sehemu na chakula.

Kwa hiyo sahani ileile ya wali haipokelewi kwa namna moja kila saa. Asubuhi insulini hufanya kazi vizuri zaidi na sukari ya damu hushuka upesi. Usiku mwili hutoa homoni ya melatonini, inayouandaa kulala, na homoni hiyo hupunguza utoaji wa insulini. Sukari hupanda zaidi na kukaa juu kwa muda mrefu. Hili limepimwa mara nyingi na halina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye swali jingine: je, hilo linatosha kuongeza au kupunguza kilo?

Hapa ndipo msafiri wa Afrika Mashariki anapokutana na kichekesho chake. Anayevuka daraja la Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda hurudisha saa yake nyuma kwa saa nzima, na anayetoka Tunduma kuingia Nakonde, Zambia, hufanya vilevile. Saa mbili usiku ya Ngara ni saa moja usiku ng'ambo ya mto Kagera. Je, aliyekula upande huu amechelewa, na aliyekula upande ule amewahi? Tumbo halisomi saa ya ukutani wala halipigiwi muhuri wa uhamiaji. Linafuata jua, usingizi na mazoea. Kwa hiyo ujumbe wowote unaotaja saa maalumu kama mstari wa forodha, kwamba kabla yake uko salama na baada yake umeangamia, umekwisha kukosea hapohapo.

Waliosema ndiyo

Utafiti uliowasha moto huu ulitoka Murcia, kusini mashariki mwa Hispania, na ulichapishwa mwaka 2013. Watu 420 walikuwa katika mpango wa kupunguza uzito kwa wiki 20. Kwa Wahispania mlo mkubwa ni wa mchana, nao huliwa kwa kuchelewa, basi watafiti wakawagawa kwa saa tisa alasiri: waliokula kabla yake na waliokula baada yake. Waliowahi walipungua takriban kilo 10, waliochelewa chini ya kilo 8, ingawa kwa maelezo yao wote walikuwa wakila kiasi kinachokaribiana.

Mwaka huohuo ukaja mwingine kutoka Holon, Israeli. Wanawake 93 wanene walipewa kalori 1,400 kwa siku kwa wiki 12. Kundi moja lilikula nusu ya kalori hizo asubuhi na 200 tu usiku, na kundi jingine likageuza: 200 asubuhi, 700 usiku. La kwanza lilipungua kilo 8.7, la pili kilo 3.6. Takwimu hizo ndizo zilizozaa ule usemi wa kula asubuhi kama mfalme na usiku kama maskini, au tuseme zilizoufufua, maana usemi wenyewe ni wa zamani.

Kilo tano za tofauti kwa kalori zilezile ni jambo kubwa mno, na ukubwa wake ndio uliowafanya wengine wasite. Mtu anayekula nyumbani kwake, akijiandikia mwenyewe alichokula, huandika pungufu. Yeyote aliyewahi kuuliza bei ya jumla mpakani anajua kwamba neno la mtu na mzani wake si kitu kimoja. Aliyeshiba asubuhi huenda aliona ni rahisi kushika mpango mpaka usiku, na aliyelala njaa ya asubuhi nzima huenda aliteleza mara mbili tatu mchana bila kusema. Katika utafiti wa Murcia, tena, hakuna aliyepangiwa saa ya kula. Watu walijichagulia wenyewe, na mla mapema huwa na tabia nyingine nyingi zinazomtofautisha na mla usiku.

Chakula chote kilipopimwa

Ndiyo maana utafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, uliochapishwa mwaka 2022, una uzito kuliko kelele zake. Washiriki walikuwa 30 tu, lakini kila kitu walichokula kilitolewa na watafiti, kikiwa kimepimwa. Kila mmoja alipita njia zote mbili. Kwa wiki nne alikula asilimia 45 ya kalori zake asubuhi, 35 mchana na 20 jioni, na kwa wiki nne nyingine akageuza. Nguvu aliyotumia mwilini ilipimwa kwa maji yenye alama maalumu, njia inayoaminika kuliko zote kwa mtu anayeendelea na shughuli zake nje ya maabara.

Matokeo: aliyekula zaidi asubuhi alipungua wastani wa kilo 3.33, aliyekula zaidi jioni kilo 3.38. Yaani hakuna tofauti. Mwili haukuchoma zaidi kwa sababu chakula kilikuja mapema. Kalori moja ya saa moja asubuhi ilikuwa na thamani ileile ya kalori ya saa moja usiku, kama shilingi isiyobadilika kwa kuwa imetolewa mfuko wa kushoto.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na kwa mtu wa safari huenda ndilo kubwa zaidi: walipokula zaidi asubuhi, washiriki walisikia njaa kidogo siku nzima. Watafiti wa Boston, nao mwaka 2022, waliligusa jambo hilo kwa upande mwingine. Waliwalisha watu 16 wenye uzito mkubwa vyakula vilevile kwa ratiba mbili, moja ikiwa imesogezwa mbele kwa takriban saa nne. Walipochelewa, njaa iliongezeka, homoni ya leptini inayoutaarifu ubongo kwamba akiba ipo ilishuka, na miili ilitumia nguvu kidogo pungufu wakati wa kuwa macho. Watu 16 ni wachache, na hawakukaa muda wa kutosha kuona kama kilo zingebadilika. Ila kuhusu njaa majibu ya Boston na Aberdeen yanaelekea upande mmoja.

Ukiziweka pamoja, tafiti hizi zinatoa picha inayoeleweka. Saa ya kula haiyeyushi mafuta kwa uchawi wake. Inachofanya ni kurahisisha au kuvuruga kazi ya kula kiasi. Katika maabara, ambako sahani inapimwa na jiko limefungwa, njaa haina pa kwenda. Mpakani jiko haliko chini ya kufuli, na chipsi mayai hukaangwa mpaka usiku wa manane. Anayefika saa nne usiku baada ya saa kumi na nne za njaa hali sahani moja.

Kufunga dirisha la kula

Shauri jingine linalopendwa ni la kula ndani ya saa nane tu na kufunga kumi na sita zilizobaki. Huko San Francisco watu 116 walijaribu kwa wiki 12, nusu yao wakila kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Walipungua chini ya kilo moja, na tofauti kati yao na waliokula milo mitatu ya kawaida haikuwa ya maana. Ripoti hiyo ya mwaka 2020 iliwavunja moyo wengi.

Kisha Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wengi wa ukanda huu wanaujua kwa nguo na vipuri. Huko watu 139 wanene walifuatwa kwa mwaka mzima. Wote walipunguziwa kalori, na nusu yao walitakiwa pia wale kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Hao walipungua kilo 8.0, wenzao kilo 6.3, pengo ambalo kwa hesabu za takwimu halikutosha kusema si bahati tu. Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwapa watu 41 kalori sawa kwa ratiba mbili tofauti, nao wakapata kilo karibu sawa.

Chicago ilileta habari yenye faida zaidi mwaka 2023. Watu 90 waligawanywa katika makundi matatu. La kwanza lilikula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku bila kuhesabu chochote, la pili lilihesabu kalori kila siku, la tatu liliendelea kama kawaida. Baada ya mwaka, la kwanza lilikuwa limepungua kilo 4.6 zaidi ya waliobaki na mazoea yao, na la wahesabuji kilo 5.4. Kati ya njia hizo mbili hakukuwa na tofauti ya maana. Sababu si siri: waliofunga dirisha la kula walijikuta wakila kalori 425 hivi pungufu kwa siku. Kwa mtu ambaye hana mzani wa jikoni wala muda wa kuandika kila kijiko, kujiwekea saa ya kufunga mdomo ni rahisi kuliko hesabu. Kinachofanya kazi hapo ni upungufu wa chakula, na saa ni uzio tu.

Waislamu wa ukanda huu wana ushahidi wao wa kila mwaka. Tafiti za nchi nyingi kuhusu Ramadhani zinaonyesha kwamba wafungaji hupungua kwa wastani kilo moja au zaidi kidogo, na kwamba kilo hizo hurudi ndani ya wiki chache baada ya Idi. Ambaye futari yake ni ya kukaanga na daku yake ni ya kujazia hupata kinyume chake. Mwezi mzima wa kufunga mchana haujampunguza, maana usiku amerudisha vyote na riba.

Kilicho kwenye sahani ya safari

Basi anayetaka kupungua na kuvuka mpaka mara tatu kwa wiki aangalie wapi kwanza? Bei ya kalori iko wazi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na chipsi, chapati za mafuta na sambusa huzibeba kimyakimya. Soda ya chupa ya nusu lita huwa na gramu 50 hivi za sukari, yaani vijiko vya chai zaidi ya kumi, na haishibishi. Bia ya nusu lita ina kalori zipatazo 200, na kwenye foleni ya kusubiri kibali hainywewi moja. Mtu akiacha soda mbili kwa siku na kubaki na maji, ameondoa kalori zinazokaribia zile za Chicago, bila kugusa saa wala ugali.

Baada ya hapo ndipo saa inapokuwa na kazi. Mama lishe wa mpakani hupika tangu asubuhi, na maharage, mayai ya kuchemsha, muhogo, uji na matunda hupatikana kabla ya jua kupanda. Mlo wa haja saa mbili au saa tatu asubuhi, wakati mizigo inapangwa, na mwingine kabla ya saa tisa, hupunguza ule ulafi wa usiku ambao kwa kweli ni njaa iliyolimbikizwa. Wengi husema hawana fedha ya kula mchana mpaka mzigo uuzwe. Hoja hiyo ni ya kweli kwa anayeanza na mtaji mdogo, lakini kwa wengine sahani ya usiku huwa na bei ya sahani mbili. Ndizi, yai na karanga kiganja kimoja kutoka nyumbani havihitaji mtaji. Na aliyechelewa hata hivyo, akafika saa nne na njaa, asilale bila kula kwa kuogopa saa. Ale maharage na mboga za majani na ugali nusu ya ule aliozoea, kisha apumzike.

Usingizi wenyewe ni sehemu ya hesabu hii, ingawa hautajwi kwenye ujumbe wa simu. Utafiti mwingine wa Chicago, wa mwaka 2022, uliwachukua watu 80 wenye uzito uliozidi waliozoea kulala chini ya saa sita na nusu, ukawasaidia nusu yao kuongeza saa moja na dakika chache. Hakuna aliyeambiwa apunguze chakula. Hata hivyo waliolala zaidi walikula kalori 270 hivi pungufu kwa siku. Dereva anayekesha kulinda mzigo na mchuuzi anayeamka saa tisa usiku kuwahi gulio hawawezi kujiongezea saa wapendavyo. Lakini wanaokesha kwa ajili ya simu tu wana pa kuanzia.

Kupima maendeleo hakuhitaji hospitali. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Mwanamke ambaye kiuno chake kimezidi sentimita 80 na mwanamume aliyezidi 94 wako katika eneo ambalo hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda. Kipimo kifanyike siku ileile ya wiki, asubuhi kabla ya kula, si baada ya nyama choma ya Jumamosi. Anayepungua bila kujaribu, akiwa na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara au kikohozi cha wiki mbili, huyo asishangilie. Aende kupimwa.

Kuna kundi moja ambalo halipaswi kujaribu kufunga au kuhamisha milo bila kuonana na mganga: wenye kisukari wanaotumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini zaidi, kama glibenklamaidi. Dawa ikiingia na chakula kisiingie, sukari hushuka kupita kiasi. Dalili zake ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, kizunguzungu na kuchanganyikiwa, na kwa aliye nyuma ya usukani wa roli lenye tani thelathini dakika tano za hali hiyo zinatosha kuua. Msafiri wa namna hiyo huweka sukari, pipi au glukosi mfukoni, si kwenye begi lililo juu ya mzigo. Hubeba pia cheti cha kliniki na karatasi yenye jina la kitaalamu la dawa yake, kwa kuwa dawa ileile huuzwa kwa jina jingine la biashara akishavuka. Kipimo cha vidonge na saa ya kuvimeza hupangwa upya na aliyeviandika, kabla ya safari, baada ya kumweleza kwa uwazi ni saa ngapi hasa mtu huyo hupata kula njiani.